Ubongo wa Perege wa Kahe

Dada yangu alikuwa na mimba ya miezi saba aliponipigia simu kutoka Kahe. Bata wake walikuwa wamekufa kwenye mfereji, na perege walikuwa wanaelea kiubavu huku bado wanahema. Nilimuuliza kama wanawala samaki wale. Akasema mumewe alileta juzi na walikula wote.

Wapimaji wa maji walikuwa wameshafika, wakachota, wakarudisha majibu kwamba maji hayana kitu. Majibu hayo hayakunituliza. Kazi yangu ni ya maabara, na ninajua kwamba maji hupita. Ukichota leo huoni kilichopita juzi, lakini samaki hubaki nacho mwilini. Kwenye ubongo wake kuna kimeng'enya kinachozima ujumbe wa mshipa wa fahamu ukishafika unakokwenda. Baadhi ya dawa za kuulia wadudu hukilemaza, nacho huchukua wiki kadhaa kurejea nguvu zake. Binadamu naye anacho hicho hicho.

Nilishuka Kahe asubuhi na deli la barafu. Nilianzia juu kwenye banio, maji yanapoingia mferejini kabla ya kufika mashamba ya nyanya, nikavua perege wachache kwa wavu. Kisha nikavua wengine chini, nyuma ya nyumba ya dada. Nilipokuwa nafunga deli, wanaume watano au sita walitoka shambani wakanizunguka. Walikuwa na mapanga, kama mtu yeyote anayetoka kulima, lakini hakuna aliyeliweka lake chini. Nilimwamkia mkubwa wao shikamoo. Hakuitikia.

Alitaka kujua nimetumwa na nani. Nikamwambia nimetumwa na dada yangu.

"Ukienda kusema maji yetu yana sumu," alisema, "pale sokoni Kiboriloni nani atanunua nyanya zetu?"

Aliyeniokoa ni shemeji yangu, mume wa dada, ambaye ndiye mwenyekiti wa mfereji. Aliwaambia mimi ni mtu wa nyumbani kwake, wakanipisha. Tulipofika barabarani aliniomba kwa sauti ya chini kwamba lolote nitakaloliona, nimwambie yeye kwanza.

Maabarani, nilisaga bongo zile juu ya barafu na kutia dawa ya kupimia. Kimeng'enya kikiwa kizima, rangi ya njano hupanda mbele ya macho yako. Za samaki wa banio zilipanda upesi. Za samaki wa chini zilibaki hafifu, karibu kama maji matupu. Nilirudia kwa sababu nilitamani niwe nimekosea. Zilibaki vile vile.

Nikarudi Kahe, safari hii nikavua kipande kwa kipande kati ya juu na chini. Kwa vipimo, samaki walikuwa wazima mpaka kwenye kona moja ya mfereji, kuanzia pale wakawa wagonjwa. Kona ile niliifahamu. Ndipo wakulima walipochanganyia dawa na kusuuzia mabomba yao ya kupulizia ya mgongoni, na shamba lililopakana nayo lilikuwa la shemeji.

Nilimwambia yeye kwanza, kama alivyoomba, ila nilimwambia dada akiwepo. Shemeji alisema pale kila mtu anaoshea. Nikakubali kwamba ni kweli. Dada aliweka sahani chini, akamtazama.

"Samaki wale uliniletea wewe," alisema.

Hakupaza sauti. Shemeji alitoka nje akakaa huko mpaka chakula kikapoa.

Kwenye mkutano wa mfereji nilijiandaa kusema, lakini shemeji alisimama mwenyewe. Aliwaeleza kuhusu samaki na kona ile, na kwamba yeye ndiye aliyeanza kuoshea pale. Walibishana sana. Mmoja aliondoka akisema watu wa mlimani kama mimi wamezoea kuja kuwafundisha watu wa Kahe kuishi. Waliobaki walikubaliana kuchimba shimo mbali na mfereji na kuweka pipa, maji yachotwe, mabomba yaoshwe huko.

Si wote waliofuata. Nilipopima tena baada ya masika, rangi ya njano ilikuwa inapanda kwa samaki wa chini, ingawa polepole kuliko kwa wale wa banio.

Dada nilikuwa nimeshampeleka hospitali Moshi. Walimpima damu, wakasema kwa sasa haionyeshi shida, lakini kuhusu mtoto hawakuweza kuahidi kitu. Wiki zile alizosubiri kujifungua alikaa kwetu mlimani, Kibosho. Mama alimlisha kitalolo cha ndizi na mboga, pamoja na maziwa, na hakuna aliyetaja samaki. Kila mtoto alipocheza tumboni alinishika mkono akauweka pale, na mimi nilihesabu kimoyomoyo mpaka acheze tena.

Alizaliwa msichana, akalia vizuri. Mkunga alisema ni mzima. Mimi bado, kila nilipompakata, nilimwekea kidole kiganjani nione kama atakishika. Alikishika, na siku ya pili nikajaribu tena.