Changawa na ulimi wa njumu alioukata kwa wembe

Saa tatu asubuhi jua la Garsen limeshakuwa kali, na Changawa Kalama anapaka rangi nyeusi kwenye njumu ya kijani, kiatu cha kuchezea mpira. Anatumia mswaki wa meno. Anaanzia kisiginoni, anakwenda polepole hadi mbele, na kila akifunika kipande cha kijani anakipuliza kikauke.

Njumu yenyewe si kuukuu. Kijana aliyeileta ameinunua mwezi uliopita, inang'aa kama zile za kwenye televisheni. Sasa anataka izeeshwe.

Rangi ikikauka, Changawa atakata kipande kirefu cha ngozi ya mbuzi na kukishona juu ya ulimi wa kiatu kwa msharasi na uzi wa nailoni. Kisha atakikunja kifunike kamba, na kukibana kwa mkanda wa tyubu ya baiskeli unaopita chini ya soli. Kiatu cha mwaka huu kitaondoka kibandani kikiwa na sura ya miaka arobaini iliyopita.

"Kampuni kubwa zimerudia mtindo wa kale, na vijana wameuona kwenye simu," anasema fundi huyu wa miaka 46. "Dukani Mombasa jozi moja ni elfu kumi na tano. Mimi nawazeeshea za kwao kwa mia tatu na hamsini."

Siku njema hupata jozi tatu. Siku nyingine hushona ndala za kina mama na kurudi nyumbani na pesa ya unga tu.

Mwenye njumu ya kijani ni Liban, mshambuliaji wa miaka kumi na minane, ambaye ameegemea nguzo ya kibanda akisubiri. "Zile za rangi rangi zimetuchosha, mzee," anasema. "Saa hii ni retro. Ukiingia field na ulimi umekunjwa hivi, beki anajua umekuja na historia."

Changawa anacheka, lakini si cheko la furaha. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Katika kibanda hiki kipya ni cha zamani, na kidonda ni cha fundi mwenyewe.

Ngozi hununua kwa Barwako, mama wa Kiorma kutoka Minjila, anayeilainisha kwa samli mpaka ikunjike bila kupasuka. "Hii ngozi kwetu sisi nalalia tu," anasema Barwako akishusha mzigo wake. "Sasa watoto nafunga kwa mguu. Dunia imeharibika, lakini imeharibika upande yangu."

Ukutani, juu ya kichwa cha Changawa, kuna ulimi mmoja uliotundikwa kwenye msumari. Ni mweusi, umekakamaa, na chini una alama ya wembe iliyokwenda mshazari. Kila ulimi anaouza hupimwa kwa huo. Ndio uliobaki wa njumu aliyowahi kuvaa, na aliukata kwa mkono wake.

Ilikuwa mwaka 1998, mafuriko yalipokuwa yamepungua. Shamba la baba yake, Mzee Kalama, kule Tarasaa, lilikuwa limebaki tope. Mpunga ulikwenda na maji, na mbuzi alibaki mmoja. Wakati huohuo ilitangazwa kwamba vijana kumi na wanane wangechaguliwa Garsen kwenda kujaribiwa na timu moja ya Mombasa.

Changawa alikuwa winga wa kushoto aliyekuwa akicheza pekupeku. Mzee Kalama alimuuza yule mbuzi, akaenda Malindi, akarudi na njumu za mtumba. Zilikuwa nyeusi, za ngozi, zenye ulimi mrefu uliokunjwa. Mzee hakujua kwamba mtindo huo ulikuwa umepitwa na wakati. Kwake kiatu kilikuwa kiatu.

"Nililala nazo kifuani," anasema Changawa.

Mchaguzi alikuwa Mwalimu Tuneya, mtu aliyeogopwa na kupendwa kote Garsen. Aliwapanga vijana mstari mmoja na kuwakagua miguu. Alipofika kwa Changawa alisimama.

"Sisi hatupeleki vitu vya makumbusho Mombasa," alimwambia. "Watatucheka. Njoo kesho na viatu vya watu."

Viatu vya watu angevitoa wapi? Jioni hiyo alikaa nyuma ya nyumba na wembe, akazikata zile ndimi zote mbili, njumu zipate kufanana na za wenzake. Asubuhi akawahi uwanjani kabla ya wote.

Mwalimu alimtazama miguuni. "Ukimkata punda masikio," alisema, "hawi farasi."

Uwanja mzima ulicheka. Hakugusa mpira siku hiyo, na kwa miaka mingi baadaye watu wa Garsen walimwita Punda.

Lakini si kicheko hicho kinachomsumbua zaidi. Kinachomsumbua ni alivyofika nyumbani na baba yake akaziona njumu. Mzee Kalama hakupiga kelele. Alikiinua kiatu kimoja, akakigeuzageuza, akasema, "Nilikununulia kiatu kizima, Changawa." Hakuenda tena kumtazama mwanawe akicheza.

Mzee alipofariki mwaka 2009, familia ilifungua kopo alilofichia kitambulisho. Chini yake kulikuwa na ndimi mbili. Alikuwa ameziokota jalalani, mwanawe alikozitupa. Mmoja ulikuwa umetafunwa na panya. Mwingine ndio huo ulio msumarini.

"Nimeolewa naye miaka ishirini na miwili, nimeolewa na huo ulimi pia," anasema mkewe, Kahaso, aliyemletea sima na mboga za kunde. "Mimi ningeutupa. Baba Stacy, si nilikwambia uutupe?"

"Ulinambia," anajibu Changawa, na kuendelea kushona.

Kama angepelekwa Mombasa, angefika wapi? Hakuna ajuaye, na yeye hadai kwamba angekuwa nyota. Anachodai ni kidogo zaidi, na pengine ndiyo sababu kinauma zaidi: angalau angeangaliwa mpira wake, si miguu yake.

Mchana, mwandishi akiwa bado kibandani, anafika mzee mrefu mwenye bakora na mfuko wa plastiki. Kahaso anamwona kwanza na kuanza kukusanya vyombo. Ni Mwalimu Tuneya, mstaafu sasa, wa miaka 74.

"Fundi, habari za kazi?" anasema. "Mjukuu wangu Levis ananisumbua. Jumamosi wanachaguliwa vijana wa kwenda Mombasa, na eti haendi bila ulimi."

Kutoka mfukoni anatoa njumu za buluu. Changawa anazipokea kwa mikono miwili, kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyopokea kitu kwa mkubwa. Mzee anainua macho, anauona ulimi wa msumarini, na uso wake unachangamka.

"Naam! Hicho ndicho kiatu! Ngozi halisi. Siku hizo tulikuwa na viatu, na wachezaji walikuwa wachezaji. Huu umeupata wapi?"

"Kwa baba yangu, mwalimu."

"Baba yako alikijua kiatu," anasema Mwalimu Tuneya. "Niuzie huo basi."

Changawa anaziweka njumu za buluu magotini.

"Huo ni kipimo, mwalimu. Hauuzwi. Nitamkatia wake, sawasawa na huo."

Mzee anashukuru, anamwombea baraka, na kuondoka zake. Hakumkumbuka hata kidogo. Aliyekata husahau, aliyekatwa hubaki na alama, na ukweli huo unatukera hata sisi tusiohusika.

Kwa nini hakumwambia?

"Nimwambie nini? Kwamba alinikata? Alikata wengi," anasema Changawa. "Tena amesema baba yangu alikijua kiatu. Miaka ishirini na saba nimengoja mtu aseme hivyo. Sasa neno hilo limekuja kwa mdomo ule ule, na baba yuko kaburini. Nifurahi au nilie?"

Ana mpango. Anaweka akiba anunue cherehani ya kushonea ngozi, aache kuzeesha viatu vya wengine na kushona njumu yake mwenyewe kuanzia soli hadi ulimi. Ndani ataandika jina la Kalama.

Hayo ni ya baadaye. Ya sasa ni njumu za buluu zilizo magotini mwake. Anachovya mswaki kwenye rangi nyeusi na kuanzia kisiginoni. Jumamosi, anasema, atafunga kibanda mapema aende uwanjani kutazama vijana wakichaguliwa, mara ya kwanza tangu siku ile ya mwaka 1998.

Kumtazama Levis?

"Levis sina neno naye, ni mtoto tu," anajibu bila kuinua kichwa. "Nakwenda kutazama kiatu cha baba. Nataka nione kama safari hii kitachaguliwa."