Siku Mtani Alipolala Kitandani

"Shangazi, ni kweli ulitaka kumwekea baba wakili?"

Kuluthumu alikuwa darasa la pili alipouliza hivyo. Shangazi yake Zamda, aliyekuwa akitunga uzi kwenye cherehani, alicheka. "Nani kakupa habari hizo? Hebu kaninunulie chumvi." Maneno yakaishia hapo.

Lakini ilikuwa kweli.

Mwaka 1971 Mzee Shomari, fundi kanzu wa Kanyenye, alifariki akaacha watoto wawili na nyumba moja ya matofali mabichi. Lukumani, baba yake Kuluthumu, alikuwa na duka Nzega. Zamda, aliyeachika mapema, aliishi na baba yake, akishona barazani. Kwamba kaka apate mafungu mawili na yeye moja, hilo hakulibishia, ndiyo sheria. Lakini kabla hata ya arobaini, Lukumani alikuja na mnunuzi, wakapima vyumba kwa kamba. Zamda hakuambiwa neno.

"Unatolewa, shoga," majirani walimtia maneno. "Weka wakili!"

Wakili alikuwepo, kule karibu na stesheni. Cha kumlipa ndicho hakikuwepo. Zamda alikuwa na cherehani yake tu: akiiuza, atapata wa kumsemea, asipoiuza, huenda akakosa hata pa kuiweka. Akatafuta mteja, akamwambia, "Njoo uichukue hitima ikiisha."

Siku ya arobaini, pilau limeshaliwa, Bi Mwamvita akaingia chumbani kwa marehemu, walimokaa wafiwa. Alikuwa Mzaramo, na tangu enzi za misafara ya pwani Mzaramo na Mnyamwezi ni watani; msibani mtani hufanya atakalo, na kumkasirikia ni aibu. Akavaa kanzu ya Mzee Shomari, akajitupa kitandani, akakohoa kikohozi chake kilekile.

"Lukumani we! Sanda yangu haijachakaa, umeshakuwa bwana mpima? Na wewe Zamda, umenuna mpaka cherehani imenuna! Wanyamwezi bwana! Mizigo mnabeba mpaka baharini, neno moja la kumwambia ndugu limewashinda!"

Chumba kikaangua kicheko. Lukumani naye alicheka, kisha akaketi sakafuni kama mtoto.

"Kaka," Zamda akathubutu, "kweli unaniuzia paa?"

"Nakuuzia? Nawahi mimi! Husikii redio? Serikali inataifisha nyumba za kupangisha, na humu mna wapangaji wawili. Wakija kuichukua utalala wapi? Nilitaka tuuze, nikujengee Itetemia."

Bi Mwamvita akainuka kitandani. "Nyumba hii? Inayovuja mpaka uvunguni? Serikali ikiichukua leo, kesho itawarudishia wenyewe!"

Wiki iliyofuata ndugu hao walikwenda Mahakama ya Mwanzo pamoja, wakaandikwa wasimamizi wa mirathi wote wawili. Nyumba haikuuzwa. Mteja wa cherehani alipokuja, Zamda alimpima suruali.

Kuluthumu alipofika kidato cha pili, shangazi akimshonea sketi ya shule barazani palepale, aliuliza tena.

"Kweli," Zamda akasema safari hii, mguu ukisimama kwenye pedali. "Na asingekuja yule Mzaramo, ningekwenda. Labda ningeshinda. Wakili angeniambia haki yangu yote, mwanangu. Ila kwamba baba yako alikuwa anataka kunijengea Itetemia, hilo nisingelijua mpaka leo."