Boriti Isiyo na Kazi

Juzi nilikwenda ofisi ya kijiji, Idete, kugongewa muhuri barua yangu. Nikamkuta mhandisi kijana akiwaonyesha wakulima mchoro wa paa la ghala jipya la mpunga kwenye kompyuta. Lilikuwa limepinda kama mgongo wa kambale.

"Programu imejaribu maumbo mengi," alisema, "ikaondoa kila mti usiobeba uzito. Hata boriti ya katikati haina kazi."

Mama mmoja akanyoosha kidole mpaka kikagusa kioo. "Mwanangu, mizani tutaining'iniza wapi?"

Kijana akaitazama kompyuta, akamtazama mama, akairudia kompyuta. "Mizani gani, mama?"

"Ya kupimia magunia. Ghala la zamani tunaining'iniza kwenye boriti hiyo hiyo isiyo na kazi."

Kijana akaingiza uzito wa gunia, akabonyeza. Paa likajikunja upya na boriti ikarudi, nene kuliko miti yote.

"Kumbe inasikia," mama akasema. "Sasa mbona haikutuuliza?"

Nami mpaka leo sijaelewa alikuwa anailaumu mashine au anamsema kijana. Alikuwa bado ameweka kidole kwenye kioo, lakini macho yalikuwa kwa kijana.