Mkwe Ndani ya Simu

Asekenye wa Malaba haogopi mtu. Meza yake ya wimbi na kimea iko kando ya meza yangu ya samaki, na nimemwona kwa macho yangu akimfokea dereva wa trela mpaka trela likarudi nyuma. Lakini akimwona mume wa binti yake, mwanamke huyo hukimbia kama kifaranga aliyeona mwewe. Si chuki, ni mila. Kwa Wateso, mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemezani. Mimi Apondi ni Mjaluo, na sisi pia tunawaheshimu wakwe, ila si kwa mbio zile!

Mwezi uliopita binti yake, Alinga, alijifungua msichana huko Soroti, Uganda, alikoolewa. Mtoto anapewa jina na bibi yake. Bibi huchovya kidole katika ajon, pombe yao ya wimbi, akamgusisha mtoto mdomoni huku akitaja majina ya marehemu wa ukoo. Jina ambalo mtoto atafyonza kidole likitajwa, hilo ndilo lake. Mama yake Ojakol, mume wa Alinga, alishafariki, kwa hiyo kazi yote ilikuwa ya Asekenye. Naye goti lilikuwa limevimba, daktari kamkataza safari, na ubatizo ni Jumapili. Wazee wa Soroti walishasema kwamba bibi asipofika watajichagulia jina wenyewe. Rafiki yangu alikuwa hali wala halali.

Ndipo chama chetu cha akina mama kikamwita mwalimu Amondi kutoka Busia mjini atufundishe WhatsApp na Facebook katika ukumbi wa kanisa. Jamani, siku hiyo! Soko lilibaki na mbuzi tu. Mmoja alirusha picha ya kuku wake, kikundi kizima kikampigia makofi. Mwingine alijirekodi akiimba, akajisikiliza, akakataa kwamba sauti ile ni yake. Asekenye akainua mkono.

"Mwalimu, hii kitu inaweza fika Soroti? Nione mtoto akifyonza kidole?"

"Inafika hata Ulaya, mama."

Tulipiga vigelegele. Kumbe angeweza kutaja majina akiwa Malaba, Alinga achovye kidole akiwa Soroti! Ujumbe ukatumwa, Alinga akajibu kwamba ajon ipo, apigiwe sasa hivi kwa namba aliyoituma. Asekenye akabonyeza mwenyewe, kifua mbele.

Kitu kimoja hatukukifikiria. Alinga ana kabambe tu, simu ya kupiga na kupokea. Simu kubwa ya nyumba ile ni ya mumewe. Kioo kikawaka, na hapo katikati, pana kama sinia, ukatokea uso wa Ojakol ukitabasamu.

Asekenye alipiga ukemi. Wateso wote ukumbini wakajifunika leso. Simu ikaruka, ikatua ndani ya beseni langu la omena, dagaa wa ziwani niliokuja nao kutoka sokoni.

"Ni matapeli?" Amondi akauliza, macho yamemtoka.

"Haloo? Haloo?" omena wakaita. "Network ni mbaya?"

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, halafu nikamwona Asekenye. Alikuwa amekaa sakafuni, leso usoni, analia.

"Imeisha, Apondi. Nimeangalia mkwe. Sasa nitampigia aje tena? Mjukuu wangu atapewa jina na watu wengine."

Kicheko kikanikauka. Nikaiopoa simu, nikapangusa magamba.

"Ojakol! Mimi ni Apondi wa samaki. Mimi si mkwe wako, niangalie vile unataka. Egemeza simu kwa meza, ita Alinga na mtoto, halafu wewe toka nje!"

"Sawa, mama. Mwambie anisamehe."

"Amesikia. Toka!"

Tukasikia mlango ukifungwa. Asekenye akafunua jicho moja, kisha la pili. Alinga alikuwa ameketi na mtoto mapajani, kidole kimelowa ajon.

"Aluka," Asekenye akaita, jina la mama yake mzazi. Mtoto akageuza kichwa. "Akiteng." Mtoto akalia. Akaita wengine, shangazi na dada, wote aliowapenda, na kitoto kikazidi kupiga mayowe.

"Mama," Alinga akasema, "umeruka nyanya Amuron."

Sote tulimjua Amuron, mama mkwe wa Asekenye. Hadi anazikwa hakuwahi kula ugali wa Asekenye bila kuuliza nani alimfundisha kupika. Asekenye alikunja uso.

"Haya. Amuron," akasema, chini sana hata Amondi akamsogezea simu mdomoni.

Mtoto akakidaka kidole, akafyonza, akafyonza, amefumba macho. Tulirukaruka! Amondi alinikumbatia na harufu yangu yote ya samaki. Kule Soroti sauti ya mwanamume ikauliza nje ya mlango, "Amefyonza?" Nikamjibu kwa nguvu zangu zote kwamba amefyonza.

Asekenye hakuruka. Aliisogeza simu karibu na uso, akacheka huku machozi yakimtiririka.

"Karibu tena, mama," akamwambia mtoto. "Safari hii mimi ndiye mkubwa."