Nafuu ya Kodi kwa Nyumba Isiyo na Mume

Niliolewa na mwana ambaye hakuzaliwa. Usishtuke. Kwetu Nyamira hicho hakikuwa kioja. Mama mkwe wangu alikuwa mjane mwenye mabinti watupu, na mabinti walipoolewa akachukua ng'ombe wa mahari yao, akaja kuniposa kwa baba yangu kana kwamba ana kijana anayengoja nyumbani. Kijana hakuwapo. Palikuwa na shamba, nyumba na mama mwenyewe. Baba wa damu wa watoto wangu alikuwa mtu wa ukoo asiye na sauti kwetu. Watoto walikuwa wajukuu wa mama mkwe na warithi wa boma lile. Nilipendwa, nilishiba, sikupigwa. Ni wangapi waliopata hayo kwa waume waliozaliwa?

Mama mkwe alikuwa mkunga katika kituo cha afya, mtu wa mshahara. Siku moja, mwishoni mwa miaka ya sitini, alirudi kazini amefura. Alikuwa amegundua kwamba mwenzake wa kiume, anayelipwa sawa naye, alikatwa kodi kidogo kuliko yeye, eti kwa kuwa ana mke na watoto.

"Serikali haimpi kitu mkononi," alinieleza huku akivua viatu. "Inaacha tu kumchukulia. Inasema huyu ana midomo ya kulisha, tumpunguzie. Na mimi je? Nakatwa kana kwamba nakula peke yangu kama mchawi!"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Lakini moyoni nilikuwa na tamaa yangu nyingine. Mtoni wanawake walipenda kunichokoza: mume wako leo amekula nini? Watoto wangu walipogombana na wenzao waliitwa watoto wa nje. Niliona kwamba serikali yenyewe ikiniandika mke, midomo ile ingefungwa. Pesa sikuzijali sana. Nilitaka kuandikwa.

Basi tukavaa nguo za Sabato siku isiyokuwa Sabato, tukaenda mjini Kisii kwenye ofisi ya kodi. Karani alikuwa mtu wa pwani, mwenye Kiswahili cha kutiririka, na heshima tele.

"Karibuni mama zangu. Niwasaidie nini?"

"Nafuu ya kodi," mama mkwe akasema. "Huyu ni mke wa kwetu, tumemlipia mahari. Na watoto watatu."

"Vyema. Mumewe ni nani?"

"Mwanangu."

"Yuko wapi?"

"Hakuzaliwa."

Karani aliweka kalamu chini polepole. Akamtazama mama mkwe, akanitazama mimi, akautazama mlango. Mama mkwe akamweleza kwa sauti ile ile ya kuamrisha wazazi wasukume: ng'ombe walitoka, wazee walishuhudia, chifu anajua, sasa tatizo liko wapi?

Nasema kweli, hakutudharau. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kumwuliza mkubwa wake, akarudi akikuna kichwa. Watoto wangehesabiwa, kwa kuwa mama mkwe ndiye anayewalisha. "Lakini nafuu ya mke ni ya mwanamume aliyeoa," akasema. "Huyu bibi, sheria haina pa kumweka."

Mama mkwe alitoka pale akitamba kama aliyeshinda kesi ya shamba. Mimi nilimfuata nyuma. Tulipofika soko la Daraja Mbili akaanza kunichagulia gauni kwenye marundo ya mitumba, na alipolipima begani mwangu, machozi yakanitoka mbele za watu.

"Ala! Unalia nini? Si wamewakubali watoto?"

"Watoto ndiyo. Mimi je? Sina pa kuwekwa."

Alilipia gauni, tukaenda zetu nyumbani.

Kuanzia hapo kodi ilipungua kweli. Hazikuwa pesa za kujivunia, lakini mama mkwe hakuziruhusu zipotelee kwenye sukari. Siku hizi huwa nafikiri kwamba ile nafuu ilikuwa na kazi kubwa kuliko shilingi zake. Kwa kuacha pesa kidogo zipite, serikali ilikuwa ikichagua nyumba ipi ni nyumba, na nani ndani yake anahesabika. Wakati ule sikuwa na maneno hayo. Nilikuwa na kinyongo tu.

Pesa zile zilinunua miche ya chai. Chai ilikuwa imeanza kuenea vilimani kwetu, na kila mkulima ilibidi aandikishwe apate namba yake ya kuuzia majani. Ofisa wa chai alipofika bomani, mama mkwe alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba na sare yake ya kazi. Mimi nilikuwa ndani ya shimo, samadi mpaka viwiko.

"Mwenye chai ni nani?" ofisa akamwuliza, akiwa tayari kuandika.

Mama mkwe akaninyooshea kidole. "Yule. Mke wa hapa."

"Na mumewe?"

"Nimekwambia ni mke wa hapa. Ardhi ni yangu, na ndivyo ninavyosema mimi. Andika."

Kijana wa watu akaandika jina langu kwenye kadi yenye namba. Nilitoka shimoni, nikanawa mikono, nikanawa tena, ndipo nikathubutu kuipokea ile kadi. Mama mkwe akatazama mawingu, akaniambia nirudi kupanda, mvua inakuja.