Utani Ulioniponza Kazini

Yule mama wa idara ya wafanyakazi alinisomea maneno yangu mwenyewe kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayesoma hati ya mashtaka. Mimi nilikuwa chumba cha mbele nyumbani kwetu Tabora mjini, kompyuta nimeiweka juu ya cherehani ya marehemu baba. Yeye alikuwa kwenye nchi ambayo sijawahi kuikanyaga, na nyuma yake kulikuwa na dirisha lenye mvua. Chumba cha pili mama yangu alikuwa kitandani, anasikiliza. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia, lakini masikio kilimwachia.

"Maneno haya ni yako?" aliniuliza yule wa kwenye skrini.

"Ni yangu, lakini..."

"Tutafika kwenye lakini."

Hatukufika.

Maneno yenyewe nilikuwa nimeyaandika kwenye kundi letu la kazini siku mwenzetu mmoja alipofiwa na mama yake. Kazi yetu ilikuwa kujibu malalamiko ya wateja kwa Kiswahili, kila mtu akiwa kwake. Huyo mwenzangu alikuwa Kisarawe na tulikuwa hatujawahi kuonana uso kwa uso. Watu waliandika pole, pole sana, Mungu akutie nguvu. Mimi nikaandika: "Mtumwa wangu, nani kakupa ruhusa ya kumzika mama bila mimi? Kaburi lisifunikwe mpaka nifike. Na kitanda chake ni changu."

Mimi ni Mnyamwezi, yeye ni Mzaramo. Kwa Mtanzania ningeishia hapo, na angecheka. Kwa wengine itabidi nieleze kwamba sisi ni watani, na kwamba msiba wa mtani hauendi bila mtani kuuvuruga. Anaweza kuingia kaburini akagoma kutoka, au akadai vitu vya marehemu, na wafiwa wakamvumilia, tena wangeona ajabu asipofanya. Kwetu walikuwa wakituambia kwamba utani huu ulianza enzi za misafara, babu zetu walipobeba mizigo kutoka hapa, wakapita Tura, wakashuka mpaka Uzaramo na pwani. Mpagazi akifia njiani, ndugu zake wako huku Unyamwezi, mwenye mzigo anataka mzigo wake tu. Nani amzike? Mzaramo alimzika, huku akimtukana. Ndipo yakabaki hayo matusi kati yetu, na wajibu wa kuzikana.

Mwenzangu alinijibu pale pale: "Njoo ukichukue, mpagazi wewe." Nilijua amenielewa, nikaendelea na wateja wangu.

Tulikuwa tumetaniana hivyo tangu tuanze kazi. Kitu ambacho hatukukijua ni kwamba kampuni ilikuwa imeweka mtambo mpya wa kusoma na kutafsiri kila tunachoandikiana. Mtambo ukamwonyesha yule mama wa idara kwamba mfanyakazi wa Tabora amemwita mfiwa mtumwa, amezuia maziko, na anataka kurithi kitanda cha marehemu. Kusema kweli, ningekuwa yeye, mimi mwenyewe ningejifukuza.

Mwenzangu aliwaandikia kuwaeleza. Wakamjibu kwa upole kwamba wanaelewa ananiogopa, na kwamba wao watamlinda. Aliponisimulia kwa simu nilitamani kuirusha hiyo simu ukutani. Jioni ile ile nilipojaribu kuingia kazini mlango ulikuwa umefungwa. Jina langu la kuingilia lilikataa, na kundi lilikuwa limetoweka.

Niliogopa, tena sana. Kazi ile ndiyo iliyokuwa imenirudisha Tabora kutoka Dar. Ilinifaa kwa sababu ningeweza kujibu mteja, nikainuka kumgeuza mama ubavu, nikarudi kumjibu mwingine. Kazi nyingine hapa mjini nilishatafuta mpaka viatu vikaisha soli. Kama hii ingekufa, ningerudi Dar, na mama angepelekwa kijijini Lusu kwa dada yake, ambaye naye kuinuka kwenye kigoda ni mpaka ashikwe mkono. Mama alilijua hilo, ndiyo maana hakuniuliza kitu. Alianza kula kidogo kidogo, kama anayejizoeza.

Nikausoma mkataba upya. Ulisema mgogoro wowote utaamuliwa kwa sheria za nchi ya kampuni. Nikamtafuta mwanasheria wa huko mtandaoni, akaniambia sheria zao za kazi zinawalinda wanaofanyia kazi ndani ya mipaka yao. Nilimuuliza mara mbili nikidhani sijaelewa. Kumbe nilikuwa nimeelewa. Sheria yao ilitosha kunifukuza, haikutosha kunikinga.

Basi nikaenda kushtaki hapa hapa Tabora. Msuluhishi wa migogoro ya kazi, mtu wa makamo mwenye sauti ya uchovu, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwajiri wako ana ofisi wapi hapa nchini?"

"Hana."

"Na kazi uliifanyia wapi?"

"Nyumbani, nyuma ya soko."

"Jasho limetoka Tabora, basi umeajiriwa Tabora. Mkataba hauwezi kukuhamisha ukiwa umekaa." Akafungua jalada. "Nitawaita. Wataruhusiwa hata kuja kwa video. Ila kuja ni juu yao, dada yangu."

Siku ya shauri nilifika mapema. Skrini iliwashwa, ikabaki nyeupe. Msuluhishi alitazama saa, akatoka nje, akarudi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ubishi, kutukanwa hata. Kutokuja kabisa sikukutegemea, na kuliniuma kuliko kule kufukuzwa.

Kisha mlango ukagongwa, akaingia mwanamume mrefu mwenye vumbi la treni mabegani.

"Nimekuja kumchukua mtumwa wangu," alisema, kwa sauti niliyoijua kwenye simu tu. "Nasikia mmemweka hapa."

Msuluhishi aliweka kalamu chini. Alimtazama, akanitazama, na niliona mdomo wake unapigana na kicheko. Hakuhitaji mtambo wa kumtafsiria. Alimwapisha, akamuuliza alijisikiaje alipoyasoma maneno yangu.

Mtani wangu aliacha mzaha.

"Siku ile kila mtu aliniambia pole," alisema. "Nilizipokea, lakini nilikuwa nimekauka, machozi hayatoki. Huyu ndiye aliyenichekesha, na nilipocheka ndipo nikaweza kulia. Nina lalamiko moja tu juu yake. Hakuja."

Niliinamisha kichwa. Nilikuwa sina wa kumwachia mama siku ile, na yeye alilijua hilo vizuri.

Uamuzi ulisomwa katika kikao kingine, na skrini ilikuwa nyeupe vile vile. Nilifukuzwa bila sababu ya haki, bila kusikilizwa ipasavyo. Nirudishwe kazini. Msuluhishi alinikabidhi nakala yenye muhuri, akaishikilia upande wake kidogo kabla ya kuiachia.

"Haki yako hii," alisema. "Kuifikisha kule, sasa..."

Nilijua hakuna mtu wa mahakama yetu atakayekwenda kugonga lile dirisha lenye mvua awalazimishe kunirudisha.

Mtani wangu, ambaye alikuwa amepanda treni tena kuja kusikia uamuzi, alinisindikiza nyumbani kumwamkia mama. Alivua viatu mlangoni, akaingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Akakigusa kitanda, akakikagua miguu yote. "Mbao nzuri hii. Nyie wapagazi mmeiba wapi? Nitakibeba."

Mama alicheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki. Sikumbuki mara ya mwisho alikuwa amecheka lini. Tulikunywa chai, akatukana ukoo wetu wote mpaka muda wa treni ukakaribia. Alipokwenda mlangoni kuvaa viatu, mama aliniita kwa mkono wake mzima.

"Kwa hiyo umeshinda?"

"Nimeshinda, mama."

"Basi kesho unaingia kazini. Sitakwenda Lusu."

Nilimgeukia mtani wangu, anisaidie kwa tusi lolote. Alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, na hakuinua kichwa.