Bushi Iliyotengenezwa Nakuru

Juma lililopita tulimzika hapa Nakuru mkereza vyuma mmoja, aliyesumbuliwa na kifua tangu masika. Wasomaji wangu wengi hawamjui, na hilo si kosa lao. Alikuwa jirani yangu, mtu wa maneno machache, na alitaka kitu kimoja tu duniani: cheti kinachosema yeye ni fundi wa ndege. Kitabu chake cha kazi kilimwita "boi wa spana". Boi huyo alikuwa na wajukuu wawili.

Mwanzoni mwa Hali ya Hatari, ndege ndogo ya serikali ilikwama uwanjani nje ya mji kwa kuharibika bushi ya gurudumu la mkia, kipande cha shaba kisichozidi kidole gumba. Mpya ikaagizwa Uingereza, na meli haina haraka. Wiki ya saba rubani alichoka kuona ndege yake ikiotewa na nyasi, akamwambia jirani yangu, aliyefanya kazi hapo uwanjani, ajaribu kuitengeneza. Alikereza bushi mchana mmoja, na ndege ikaruka mwezi mzima. Kisha akaja mkaguzi kutoka Nairobi, akaona bushi haina namba ya kiwanda.

"Hii spea natoka wapi?"

"Hapa, bwana. Nimeitengeneza mimi."

"Hapa hapana tengeneza ndege!"

Sarufi ilikuwa mbovu, lakini sera ilieleweka. Rubani alitazama viatu vyake, na jirani yangu akafukuzwa siku hiyohiyo. Nilimgombeza: angesema tu "Ulaya", mambo yangeishia hapo.

"Sasa ningesema Ulaya," akanijibu, "hiyo cheti wangepatia nani?"

Bushi ya Uingereza ilipofika, ilikuwa ya ndege ya aina nyingine. Wakairudisha ile yake kwenye ndege kimyakimya. Yeye alimalizia maisha akitengeneza mashine za kusaga posho, na cheti hakukiona. Inaniuma mpaka leo.

Siku hizi vijana wananiambia kwamba tukijitawala tutakuwa na ndege zetu za vita. Wameshaanza kubishana kama tununue za Mwingereza au za Mmarekani. Siwapingi. Naomba tu kwamba kabla ya kutia sahihi, muuzaji aulizwe kama ndege ikiharibika tutaruhusiwa kuifungua na kuitengeneza wenyewe. Akikataa, ndege hiyo itabaki yake, hata tukiipaka rangi za bendera yetu.